Mzigo mchanganyiko wa mtu anayehama: vitabu vya chuo au burudani ya nyumbani, uchukue kipi?

Mtu akihama Dar, awe mhadhiri anastaafu anarudi kwao Kagera au familia ya wageni mkataba umeisha, huwa anauza vitu kwa mafungu, na kwenye hayo mafungu vinachanganyika vitabu vizito vya chuo na vitu vya burudani. Kamusi, vitabu vya sheria, udaktari, uhasibu, historia, alafu pembeni kuna sabufa, deki, maboksi ya DVD, santuri, PlayStation ya zamani, bodi ya keram. Bei zote ziko chini ukilinganisha na dukani, shida ni kwamba hela yako ina mwisho na kila kitu kinakuita, kwahiyo wengi wanachukua kinachong'aa, wanafika nyumbani wanakuta hakina waya wala rimoti, kinaishia juu ya kabati.

Mimi nanunua na kuuza vitu hivi, na msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni kabisa: kabla hujauliza bei, uliza kitu hicho kinategemea nini kingine ili kifanye kazi. Kitabu kinategemea mwanga, na toleo lake liwe halijapitwa. DVD inategemea deki, deki inategemea lenzi na rimoti, inategemea pia TV yenye tundu za kuchomekea, na vyote vinategemea umeme. Ukishapita na hilo swali kwenye fungu zima nusu ya mzigo inajichuja yenyewe.

Tuanze na vitabu maana ndio vinapuuzwa.

Vitabu vya kitaaluma havizeeki sawa. Chukua kitabu cha kodi na kitabu cha anatomia, vyote vya mwaka 2010, vyote vimetunzwa vizuri. Cha kodi usikiguse kama unasomea mtihani, kwa sababu Sheria ya Fedha inapita kila mwaka na inaanza kutumika tarehe 1 Julai, viwango vinabadilika, misamaha inabadilika, yaani kitabu cha miaka zaidi ya kumi iliyopita kinakufundisha nchi ambayo haipo tena. Cha anatomia je? Mfupa wa paja uko palepale. Kile cha Gray kimeanza kutoka mwaka 1858 na kinaendelea kuchapwa, matoleo mapya yana picha nzuri zaidi na mambo ya vipimo vya kisasa, ila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipata toleo la nyuma kwa bei ya kutupa atajifunza vizuri tu. Lakini hapohapo kwenye udaktari kuwa makini, vitabu vya dawa na matibabu sio sawa na anatomia. Mfano mzuri ni malaria: Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikaingia SP (dawa kama Fansidar), alafu mwisho wa 2006 tukahamia dawa mseto. Mwongozo wa matibabu wa miaka ya tisini unakuambia kitu kingine kabisa, na mtu akiufuata leo anaumiza mgonjwa. Hicho hata ukipewa bure kiache.

Uhasibu nao uko hivohivo. Fungua sura ya mikataba ya kukodi mali, ukiona wanafundisha kwa IAS 17 (kanuni ya kimataifa ya zamani) tu bila kutaja IFRS 16 iliyoichukulia nafasi, basi kitabu ni cha kabla ya mabadiliko yaliyoanza Januari 2019. Kwa kanuni za msingi za debiti na krediti kinafaa, kwa mtu anayefanya mitihani ya bodi hakifai.

Sheria ina mambo yake na hapa ndipo watu wanakosa vitu vizuri. Vitabu vya India vya sheria ya mikataba wengi wanaviruka wakiamini ni vya nchi ya watu, wakati sheria yetu ya mikataba ilifuata kwa karibu sana ile ya India ya mwaka 1872, kwahiyo ufafanuzi wa mwandishi wa Kihindi kuhusu pendekezo, ukubali na malipo ya mkataba unakusaidia moja kwa moja, na vitabu vya India huwa bei ndogo. Cha sheria ya ardhi cha kabla ya 1999 kina thamani kwa anayetafiti historia, kwa mwanafunzi wa kawaida hapana, maana Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zote ni za mwaka 1999.

Siku moja kijana wa chuo ameshika kitabu cha kodi kikubwa, jalada gumu, ananiuliza, "Kaka, hiki si kinafaa tu, mbona kinaonekana kipya?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, geuza ukurasa ule wa nyuma ya jina la kitabu, usiangalie jalada." Huo ukurasa ndio wenye habari zote: mwaka wa toleo, mwaka wa kuchapwa, nani mwenye haki. Na usichanganye toleo na chapa. Kitabu kinaweza kuchapwa 2018 lakini toleo ni la 2006, maana yake yaliyomo ni ya 2006 na karatasi tu ndio mpya.

Atlasi nazo ni nyingi kwenye mafungu, na zenyewe kuzipima ni dakika moja. Tafuta Sudan Kusini, kama haipo atlasi ni ya kabla ya 2011. Kisha nenda kwenye ramani ya Tanzania utafute Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, hiyo mikoa ilikuja 2012, na Songwe 2016. Kwa mtoto wa shule anayejifunza mikoa atlasi isiyo na hiyo mikoa itamchanganya. Kwa ramani za mvua, udongo na milima bado inasaidia.

Sasa kamusi. Hapa ndio sehemu ambayo mimi nikiona fungu naangalia kwanza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ilitoka mara ya kwanza 1981, toleo la pili 2004, la tatu 2013. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ikaja 2015. Ukizikuta zote mbili na hela inatosha moja, uamuzi unategemea wewe ni nani. Mwandishi, mhariri, mfasiri, mwalimu wa sekondari, chukua Kamusi Kuu kwa sababu ina maneno mengi ya karibuni ya teknolojia, siasa na biashara. Mwanafunzi wa shule anayetaka kitu cha kubeba na maelezo mafupi, Sanifu ya 2004 au 2013 inamtosha kabisa. Ile ya 1981 usiidharau, ukiwa unasoma riwaya na magazeti ya miaka ya sitini na sabini utakuta maneno ambayo watu wameyaacha, ila isiwe kamusi yako pekee ya nyumbani. Na kuna siku utabahatika kukuta kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ile ya Kiswahili kwa Kiingereza. Hiyo kwa mtafiti wa lugha ni mali, kwa mtoto wa darasa la sita haina kazi.

Historia. Mradi wa UNESCO wa Historia Kuu ya Afrika ulianzishwa 1964, juzuu zake nane za mwanzo zikatoka kuanzia miaka ya themanini mwanzoni mpaka 1993. Wahariri wengine ni watu wa huku kwetu kabisa, Bethwell Ogot wa Kenya alisimamia juzuu ya tano, Ali Mazrui wa Mombasa akasimamia ya nane inayoanzia 1935. Ni kazi kubwa na nawaambia watu wote wenye watoto wanaosoma historia kidato cha tano na sita waijue. Lakini linganisha vizuri: UNESCO wameziweka juzuu hizo zote mtandaoni bure, unashusha faili. Kwahiyo swali ni kama unataka karatasi. Kama nyumbani kuna watoto watatu na simu moja, karatasi inashinda, juzuu moja mezani inasomwa na yeyote muda wowote bila bando wala chaji. Kama ni wewe peke yako na una kompyuta, usilipe bei kubwa kwa juzuu mbili tatu zilizopotezana na wenzake. Afu angalia kama ni toleo kamili au lile lililofupishwa. Lililofupishwa ni jembamba, jalada laini, linasomeka kirahisi zaidi, na kwa mwanafunzi wa sekondari mimi nalipendelea hilo. Mtafiti anataka kamili kwa sababu ya tanbihi na vyanzo.

Weka pembeni yake wasifu wa Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, uliotoka 2020 kwa Mkuki na Nyota. Hii ni seti ya vitabu vitatu. Ukikuta kimoja kinauzwa peke yake uliza viwili viko wapi kabla ya kutoa hela, kwa sababu kukitafuta kitabu kimoja kilichobaki ni kazi ngumu kuliko kununua seti nzima. Hata hivyo kila kitabu kina upande wake wa maisha ya Mwalimu, kwahiyo kimoja si hasara kama bei ni ya haki. Kati ya hii seti kamili na juzuu za UNESCO zisizotimia, kwa nyumba ya Kitanzania nachukua wasifu bila kusita.

Kile kitabu maarufu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyodumaza Afrika kinakuja mara nyingi kwenye mafungu, kilitoka 1972 London na hapa Dar kwa Tanzania Publishing House (TPH), wakati Rodney anafundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa msomaji chapa yoyote inafaa, maneno ni yaleyale. Chapa ya kwanza ya TPH yenye hali nzuri ni kitu cha kutunza, usiigawe kwenye fungu la "vitabu kumi bei moja".

Kuhusu hali ya kitabu chenyewe, fungua katikati ukinuse. Hewa ya pwani ina unyevu, kitabu kilichokaa stoo Upanga au Tanga miaka kadhaa kinashika ukungu, na ukungu unahamia kwenye vitabu vyako vingine. Angalia mgongo: kama kurasa zimeshonwa kwa uzi kitabu kitavumilia, kama ni gundi tu na imekauka, ukikifungua kinalia na kurasa zinachomoka. Vile vya zamani vya ELBS, ambavyo serikali ya Uingereza ilikuwa inachangia ili bei ishuke kwa nchi kama zetu mpaka mpango ukafa 1997, vipo vingi na vya sayansi za msingi bado vinafundisha. Fotokopi zilizobanwa na plastiki hizo mimi sizinunui, picha za hadubini na grafu zinatoka nyeusi tupu, na mwenye kazi yake haambulii kitu.

Haya, tuje kwenye burudani.

DVD na santuri nazilinganisha pamoja kwa sababu watu wanazikuta kwenye boksi moja. DVD geuza upande wa chini. Ikiwa ya fedha imefyatuliwa kiwandani, ikiwa na rangi ya zambarauzambarau imechomwa kwa kompyuta, na hizi za kuchomwa joto na jua vinaziua, leo inacheza kesho inaganda kwenye sura ya tano. Kuna alama ndogo ya dunia yenye namba nyuma ya kasha: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya, Japani na Mashariki ya Kati, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo zinasoma zote, lakini deki ya kampuni kubwa iliyotoka Marekani na mwenye nyumba inaweza kukataa DVD zako zote za Kihindi. Blu-ray ndio kabisa, deki ya DVD haiisomi, inataka mashine yake. Na TV mpya nyingi sasa hazina zile tundu tatu za njano, nyekundu na nyeupe, kwahiyo deki ya zamani isiyo na HDMI itakulazimu kununua kibadilishi. Ukijumlisha yote hayo boksi la DVD la bei ya kutupa linaanza kuwa ghali. Ambacho nanunua bila wasiwasi ni DVD halisi za vitu ambavyo havipatikani kirahisi mtandaoni: makala za wanyama na historia, masomo ya lugha, filamu za Kibongo za miaka ya 2000 ambazo wasambazaji wake wameshafunga. Filamu kubwa za nje ambazo kila mtu anazo kwenye flashi achana nazo.

Santuri ni habari nyingine. Bendi zetu za miaka ya sabini zilirekodi RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) na sahani nyingi zikafyatuliwa Nairobi, na wakusanyaji wa nje wanazitafuta kweli. Kama huna mashine, ukinunua santuri unakuwa unanunua biashara au kumbukumbu, sio muziki wa Jumapili. Ukiwa nayo angalia mwendo: kubwa ni 33, ndogo ni 45, na zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo ni 78, hizo zinataka sindano yake, ukiweka sindano ya kawaida sauti inakuwa mbaya. Ishike usawa wa macho uone kama imepinda, maana zilizolazwa kwa rundo kwenye joto letu zinapinda karibu zote, na iliyopinda sana hainyooki. Zilizosimamishwa kwenye kabati ndio za kuangalia. Mzee anayependa nyimbo za Marijani Rajabu na taarabu za zamani, akiniuliza "Mwanangu, nichukue hizi au DVD?", namwambia Shikamoo mzee, chukua santuri kama mashine inazunguka mbele ya macho yako na sindano ipo, vinginevyo nyimbo hizohizo wajukuu watakuwekea kwenye flashi.

Sabufa. Kila geto linataka sabufa na wauzaji wanajua. Ile namba kubwa ya PMPO iliyoandikwa mbele, sijui watt elfu kumi, isahau. Nenda nyuma karibu na waya wa umeme usome inavuta watt ngapi. Kama inavuta 80 haiwezi kutoa zaidi ya hapo, fizikia haikubali. Tafuta maandishi ya RMS, hiyo ndio nguvu halisi. Hapohapo nyuma soma na volti: umeme wetu ni 230, Japani ni 100, Marekani 120. Kilichoandikwa 100 mpaka 240 chomeka bila hofu, kilichoandikwa 100 au 120 tu kinataka transfoma, na ukisahau siku moja tu kimekwenda na moshi. Redio za Japani zina jambo la ziada, mawimbi yao ya FM yanaishia karibu na 90 kwenye mashine za zamani, na stesheni nyingi zetu ziko juu ya hapo, ni yaleyale tunayoyaona kwenye magari yanayoshuka bandarini. TV za Japani vilevile, king'amuzi cha ndani ni cha mfumo wao, utaitumia kama kioo tu na king'amuzi chako cha nje. TV ya chogo sishauri tena hata kwa bei ya soda, nzito, inakula umeme, na fundi wa kuitengeneza anapungua kila mwaka.

PlayStation dhidi ya keram ni ulinganisho ambao wazazi hawapendi kuusikia wakiwa na watoto pembeni. PS2 ilitoka 2000 na bado vibanda vya gemu uswahilini vinaitumia, inacheza DVD pia, ila pedi zinachakaa na lenzi inachoka. PS3 nafikiri ndio bora kwa nyumba kwenye mafungu haya, maana inacheza gemu, DVD na Blu-ray na ina HDMI, yaani mashine moja inaondoa deki mbili. Hakikisha inasoma diski, usiridhike kwa kuona taa imewaka. Keram haihitaji chochote zaidi ya poda na taa. Kete zake ni 19, tisa nyeusi, tisa nyeupe na malkia mmoja, alafu kuna ya kupigia. Ibonyeze bodi katikati, kama imelegea au imebonyea kete zitakuwa zinateleza zenyewe. Dhumna ziwe 28, karata 52, bao lenye mashimo 32 liwe na kete 64, hesabu palepale. Watoto wanne wanacheza keram kwa pamoja, na umeme ukikatika jioni mchezo unaendelea kwa taa ya simu. Kwa nyumba yenye watoto wengi keram inashinda PlayStation kwangu, na bei yake huwa ndogo mno.

Sasa una laki moja na fungu liko mbele yako. Nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari na mwingine wa chuo: kamusi kwanza, kisha vitabu viwili vitatu vya masomo yasiyobadilika haraka, hisabati, fizikia, anatomia, historia, kisha keram, kilichobaki ndio sabufa. Vitabu vya kiada vya shule usinunue kwa mkumbo, mtaala mpya ulianza 2024 kwa awamu na Taasisi ya Elimu wanaweka vya kwao mtandaoni bure, angalia kwanza mtoto wako yuko kwenye mtaala upi. Kijana wa geto anayeanza kazi: sabufa yenye RMS ya kweli na volti sahihi, na kitabu kimoja kizito cha fani yake, kimoja tu lakini cha toleo jipya. Mtu wa biashara anayetaka kuuza tena: kamusi, chapa za zamani za TPH, santuri zilizonyooka, michezo iliyotimia. Maboksi ya DVD yachukue mwisho kabisa na kwa bei ya fungu, sio kwa moja moja.

Kwenye kupatana, usikubali bei ya "vyote kwa pamoja" kabla hujatenga vyako upande mmoja. Wanaohama wana haraka, siku ya mwisho wakishaona lori liko getini bei inashuka, ila vitabu vizuri vinaondoka siku ya kwanza kwa sababu walimu na wanafunzi wa Mlimani wanajua wanachotafuta. Kwahiyo vitabu wahi asubuhi ya siku ya kwanza, vifaa rudi siku ya mwisho. Vitabu vifunge kwenye maboksi madogo, boksi kubwa la vitabu halibebeki na linapasuka chini. Kifaa chochote cha umeme kiwashwe mbele yako, kiachwe dakika kumi na tano kipate moto, rimoti na waya zake ziwekwe kwenye mfuko mmoja nacho. Muuzaji akikataa kuwasha, lipia vitabu vyako uondoke.